Barafu ikivunjika Minnesota: samaki wako wapi, na kwa nini maji hayo ni ya kuogopwa

Kila mwaka, kati ya mwishoni mwa Machi na mwanzoni mwa Mei, maziwa ya jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, hubadilika sura ndani ya siku chache tu. Jumatatu ziwa ni jeupe, limefunikwa barafu kutoka ufukwe mmoja hadi mwingine. Katikati ya wiki jua linawaka, upepo unavuma, barafu inavunjikavunjika, na kufikia Ijumaa jioni mawimbi yanapiga mawe. Wenyeji huandika tarehe hiyo, ziwa kwa ziwa, na kuibishania kama watu wanavyobishania mpira.

Kwa wanaovua kwa ndoana, hapo ndipo mwaka unapoanza. Miongoni mwao siku hizi wamo Wakenya, Wakongo na Wasomali waliopitia Kenya, wanaoishi Minneapolis na vitongoji vyake, na wengine wao walikulia kando ya Ziwa Victoria au Tanganyika. Kuvua wanajua. Kilicho kigeni kwao ni ziwa linaloganda, na hilo si jambo dogo. Ziwa lile lile linalotoa kitoweo wiki hii linaweza kumuua mtu mzima, mwogeleaji mzuri, hatua chache tu kutoka nchi kavu.

Minnesota ina maziwa 11,842 yenye ukubwa wa ekari 10 au zaidi, kwa hiyo hakuna tarehe moja ya jimbo zima. Kusini barafu huweza kuondoka Machi. Karibu na Minneapolis kwa kawaida ni katikati ya Aprili. Kule Lake of the Woods, mpakani na Kanada, mara nyingi ni mwishoni mwa Aprili au hata Mei imeingia.

Barafu ya mwisho haiaminiki

Mtu akipima barafu mwezi Januari akakuta sentimita 10 za barafu mpya, ngumu, inayoonyesha maji meusi chini yake, mamlaka ya maliasili ya jimbo, DNR, husema hicho ndicho kiwango cha chini cha kutembea kwa miguu. Mwishoni mwa Machi kipimo hicho hakina maana tena. Barafu inaweza kuwa na unene wa sentimita 40 na bado ikaachia.

Sababu ni kwamba jua la kuchipua haliyeyushi barafu kutoka juu tu. Linapenya ndani na kuyeyusha viungo kati ya chembe zake, hadi barafu nzima inageuka fungu la vijiti virefu vilivyosimama wima, kama mishumaa iliyofungwa pamoja. Asubuhi, baada ya usiku wa baridi, vijiti hivyo vimeshikana. Saa nane mchana vimeachana. Aliyeingia saa moja asubuhi bila shida anaweza kukosa njia ya kurudi.

Kingo za ziwa ndizo huyeyuka kwanza, kwa vile ardhi inapata joto upesi. Ndiyo maana kila mwaka huonekana watu wameweka mbao kutoka ufukweni hadi kwenye barafu ili wavuke waende kuvua. Ni tabia mbaya, iwe ya mwenyeji au ya mgeni. Ziwa linalohitaji daraja la mbao limeshasema lenyewe kwamba msimu umekwisha. Sehemu nyingine za kuepuka ni chini ya madaraja, kwenye mikondo myembamba kati ya ghuba mbili, na pale mto unapoingia.

Anayelazimika kuwa kwenye barafu hubeba shingoni vishikizo viwili vyenye misumari, vinavyouzwa kwa bei ndogo kwenye maduka ya uvuvi. Akitumbukia, ageukie upande aliotoka, maana huko barafu ilimbeba dakika iliyopita. Achomeke misumari, apige miguu kama anaogelea, ajivute kwa tumbo, kisha abiringike bila kusimama mpaka awe mbali na tundu. Aliye pembeni asikimbilie tundu hilo. Apige 911, arushe kamba, au asukume ngazi, ufito, chochote kirefu. Mara nyingi anayekimbia kuokoa huwa wa pili kuzama.

Ziwa linapojigeuza

Maji yana tabia ambayo vitu vingi havina: huwa mazito zaidi kwenye nyuzijoto 4 za Selsiasi, yaani 39 za Farenhaiti, si kwenye kuganda. Ndiyo maana barafu huelea, na ndiyo maana samaki wa kaskazini huishi majira yote ya baridi chini kabisa ya ziwa, kwenye maji ya nyuzi 4, wakati juu kumeganda.

Barafu ikiondoka, maji ya juu hupanda taratibu kutoka sifuri kuelekea 4. Yakifika hapo uzito wake unalingana na wa maji ya chini, na upepo wa siku moja au mbili unatosha kulikoroga ziwa lote kutoka juu hadi chini. Hewa safi inashuka, rutuba ya chini inapanda, na kwa muda mfupi samaki anaweza kuwa kina chochote apendacho. Baadaye tabaka la juu hupata joto zaidi, hubaki juu, na ziwa linagawanyika tena.

Kwa mvuvi maana yake ni moja: mahali pa samaki katika wiki hizi hapaamuliwi na kina bali na joto. Tofauti ya nyuzi 2 tu kati ya ghuba moja na nyingine inaweza kuwa ndiyo tofauti ya kikapu kujaa na kurudi mikono mitupu. Kipimajoto cha bei rahisi kilichofungwa kwenye kamba kina faida kuliko chambo kipya cha bei ghali.

Wakati huo huo baadhi ya maziwa mafupi huonyesha samaki wengi waliokufa wakielea kando. Theluji nene ilizuia mwanga, majani ya majini yakaacha kutoa oksijeni, na samaki wakakosa pumzi chini ya barafu. Hao si wa kuokota. Huenda walikufa wiki nyingi zilizopita, wakahifadhiwa na baridi tu.

Mchana, ufukwe wa kaskazini, maji ya magoti

Samaki wa kwanza kupatikana kwa urahisi ni wale wadogo, bapa, watamu wa kukaanga: krapi mwenye madoa meusi, na blugili mwenye kifua cha rangi ya chungwa. Karibu maziwa yote ya ndani ya jimbo huruhusu kuwavua mwaka mzima, kwa hiyo Aprili, wakati samaki wakubwa bado wamefungiwa, hawa ndio mchezo.

Jua la Aprili kule kaskazini hukaa upande wa kusini wa anga. Kwa sababu hiyo fukwe za upande wa kaskazini wa ziwa ndizo hupata mwanga mwingi, tena zimejikinga na upepo wa baridi utokao kaskazini. Ghuba ndogo upande huo, yenye tope jeusi chini na maji ya mita moja au pungufu, hupata joto siku kadhaa kabla ya ziwa kubwa. Vidudu vya topeni vinaamka, visamaki vinafuata vidudu, na krapi anafuata visamaki. Anakuja kula. Kutaga mayai kwake ni baadaye, Mei kuelekea Juni, maji yakifika nyuzi 16 hadi 20.

Hapa asubuhi na mapema haina faida, jambo linalowashangaza waliozoea kuamka alfajiri. Ghuba hiyo ilipoa usiku. Saa bora ni kuanzia saa nane mchana hadi jua linapozama, hasa siku ya tatu mfululizo ya jua. Baridi ikirudi ghafla, samaki wanaondoka wote hadi kwenye mteremko wa kwanza wenye maji ya mita 3 au 4, wanasimama hapo wakisubiri. Hawajaenda mbali.

Vifaa ni vichache: mshipi mwembamba, chelezo ndogo kabisa, na ndoana ndogo yenye kichwa cha uzito ambayo wavuvi wa huko huiita jigi, ikiwa na funza au kisamaki cha sentimita 3. Chelezo kubwa ni kosa la kawaida. Samaki wa maji ya nyuzi 8 hana nguvu wala haraka, mwili wake unafuata joto la maji, na humeza chakula kama mgonjwa anayeonja uji. Akihisi uzito wa chelezo anatema. Mara nyingine chelezo haizami hata kidogo, inalala tu ubavu, kwa kuwa krapi amechukua chambo kutoka chini akipanda nacho. Hapo ndipo pa kuvuta.

Kurusha na kuvuta haraka hakufai. Rusha, acha, subiri mpaka uchoke, sogeza kidogo, acha tena.

Blugili wakubwa wana habari yao. Dume mkubwa ndiye anayelinda kiota mayai yakishatagwa. Wavuvi wakiwaondoa wote, madume wadogo wanaanza kuzaa mapema badala ya kukua, na baada ya miaka michache ziwa linabaki na samaki wa ukubwa wa kiganja cha mtoto. Maziwa mengi ya Minnesota sasa yana kikomo kidogo cha blugili kwa sababu hiyo. Anayetaka wa kukaanga achukue wa wastani, wakubwa awarudishe.

Paiki na wolai: kwa nini wanafungiwa

Paiki, yule mrefu mwenye mdomo kama wa bata na meno ya kukata uzi, huwa wa kwanza kutaga. Barafu ikiwa bado katikati ya ziwa, tayari ameshaingia kwenye majani yaliyofurika maji kando kando, maji yakiwa nyuzi 4 hadi 9. Anaonekana kwa macho, mgongo nje ya maji, kwenye mifereji ya kina cha goti. Kishawishi ni kikubwa. Sheria inasema hapana.

Wolai humfuata. Huyu ndiye samaki rasmi wa jimbo tangu 1965, ndugu wa pachi wa manjano, nyama nyeupe isiyo na mafuta mengi. Macho yake yana utando unaorudisha mwanga kama ya paka, kwa hiyo anawinda jioni, usiku, na siku za mawingu na mawimbi. Hutaga usiku juu ya changarawe na mawe, mitoni au kwenye fukwe zinazopigwa na mawimbi, maji yakiwa nyuzi 6 hadi 10.

Katika maziwa mengi ya ndani msimu wa wolai na paiki hufunguliwa Jumamosi moja katikati ya Mei, wiki mbili kabla ya wikiendi ya Memorial Day. Siku hiyo ni kama sikukuu. Hata gavana hujitokeza na fimbo yake. Mto Rainy, ulio mpakani na Kanada, una utaratibu wake: miaka ya karibuni Machi na nusu ya kwanza ya Aprili imeruhusiwa kunasa wolai na kumrudisha papo hapo, bila kubeba hata mmoja.

Wanaodhani kufunga ni ukiritimba wa serikali wanaweza kuangalia kilichotokea Red Lake, ziwa kubwa la kaskazini ambalo sehemu yake kubwa ni mali ya taifa la Waojibwe wa Red Lake. Wolai walivuliwa hadi wakaporomoka. Waojibwe walisimamisha uvuvi wao wa biashara mwaka 1997, na mwaka 1999 uvuvi wa wolai ukafungwa ziwa zima. Makumi ya mamilioni ya vifaranga yakamwagwa. Kwa miaka saba hakuna aliyekula wolai wa Red Lake kihalali. Ulipofunguliwa tena mwaka 2006, samaki walikuwa wamerudi. Kwa watu waliowaona sangara na sato wakipungua Victoria, habari hiyo haihitaji tafsiri.

Msimu ukifunguliwa, wolai wengi wameshataga. Majike wakubwa wametawanyika na wamechoka. Madume wadogo bado wako karibu na midomo ya mito na miamba ya kutagia, na ndio wanaonaswa siku ya kwanza. Mbinu iliyozoeleka, na bado haijapitwa, ni jigi nyepesi ya gramu 3 hadi 7 yenye kisamaki hai, ikigusishwa chini kwenye maji ya mita 2 hadi 4, ikiinuliwa shubiri moja na kuachwa ishuke. Anayevua ufukweni achague upande ambao upepo unapiga. Maji ya juu yenye joto husukumwa huko, mawimbi yanatia giza, na wolai husogea karibu kiasi kwamba kurusha mbali ni kumpita.

Paiki kwa wakati huo hutaka kisamaki kikubwa kinachoning'inia chini ya chelezo. Bila kipande cha waya juu ya ndoana, mshipi unakatika.

Usiku wa Duluth

Kuna uvuvi mmoja ambao mtu wa dagaa ataufahamu mara moja. Kwenye Ziwa Superior, mji wa Duluth, visamaki vyembamba vya rangi ya fedha viitwavyo smeliti husogea ufukweni usiku kwa makundi kutaga, kwa kawaida mwishoni mwa Aprili au Mei. Watu huingia majini wamevaa suruali za mpira, wawili wawili, wakikokota wavu. Hivi ni vigeni pia: asili yao ni upande wa Atlantiki, na vililetwa kwenye ziwa moja la Michigan mwaka 1912 kabla ya kusambaa Maziwa Makuu. Miaka ya 1970 vilijaa ndoo kwa ndoo. Siku hizi ni vichache zaidi, lakini wavu bado hautoki mtupu usiku ukiwa mzuri. Hukaangwa vizima, vichwa vimetolewa.

Dakika moja, dakika kumi, saa moja

Mei jua linawaka, watu wamevaa fulana, na maji bado ni nyuzi 7. Hapo ndipo hatari inapojificha kuliko hata kwenye barafu, kwa sababu haionekani.

Gordon Giesbrecht, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Manitoba nchini Kanada, amezieleza hatua za mwili ndani ya maji ya baridi kwa namba tatu: 1, 10, 1. Dakika 1 ya kwanza mtu anahema bila kujizuia. Akivuta pumzi kichwa kikiwa chini, anavuta maji. Kisha ana kama dakika 10 za kutumia mikono na miguu kabla misuli haijagoma. Halafu kuna takriban saa 1 kabla ya kupoteza fahamu kwa baridi. Watu wengi huzama kabla baridi yenyewe haijawafikia ndani, mikono ikiwa imekataa kazi.

Ndiyo maana jaketi la kujiokolea lililowekwa chini ya kiti cha boti halisaidii kitu mwezi huu. Hakuna mtu anayeweza kulivaa akiwa anahema hivyo. Sheria ya Minnesota inalazimisha watoto wa chini ya miaka 10 kulivaa boti ikiwa inatembea. Akili inawalazimisha wakubwa. Aliyepinduka na boti ashikamane nayo, apande juu ya kitako chake akiweza, asijaribu kuogelea kwenda ufukwe unaoonekana karibu.

Leseni, chambo na sufuria

Leseni inahitajika kuanzia umri wa miaka 16, hununuliwa kwa simu au dukani, na mwaka wake huanza Machi 1. Mtu aliyeishi jimboni siku 60 huhesabiwa mkazi na hulipa bei ya mkazi. Mkazi anayevua kutoka ukingoni ndani ya mbuga za jimbo kwa kawaida hahitaji leseni, isipokuwa kwenye maji ya trauti. Kwenye maji yasiyo na barafu kila mtu ni mshipi mmoja tu, si miwili wala mitatu. Wavu, ule wa smeliti ukiachwa, hauruhusiwi kwa samaki hawa waliotajwa. Vikomo vya idadi na urefu hutofautiana ziwa kwa ziwa na hubadilika, kwa hiyo kijitabu cha mwaka huu ndicho cha kusoma, si cha jirani wa mwaka juzi.

Chambo hai kilichobaki hakimwagwi ziwani. Maji ya boti yanatolewa, na kizibo kinabaki nje barabarani, ili kome wa pundamilia, wageni walioonekana mara ya kwanza bandarini Duluth mwaka 1989, wasisafirishwe kwenda ziwa lingine. Risasi ndogo za mshipi pia zina kesi yake: ndege aina ya luni, nembo ya jimbo, humeza mawe madogo kusaga chakula, na akimeza risasi moja anakufa kwa sumu. Chubwi za bati au tangsteni zinapatikana.

Halafu kuna kula, ambako familia nyingi hazijaambiwa. Samaki wa maziwa haya wana zebaki, iliyoletwa zaidi na hewa kutoka kwenye moshi wa makaa ya mawe, na haitoki kwa kukata mafuta wala kwa kuchemsha, kwani imo ndani ya nyama. Kadiri samaki anavyokuwa mkubwa na mla wenzake, ndivyo inavyoongezeka. Idara ya Afya ya Minnesota hutoa mwongozo wa kila ziwa, na ni mkali zaidi kwa wajawazito, wanaopanga kuzaa, wanaonyonyesha na watoto. Kwa ujumla krapi, blugili na pachi ndio salama zaidi, wolai na paiki wadogo huliwa mara chache zaidi, na wale wakubwa wa kupigia picha ni bora warudishwe majini. Smeliti wa Superior nao walikutwa na kemikali za PFAS, na tangu 2021 majimbo ya eneo hilo yameshauri wasiliwe zaidi ya mlo mmoja kwa mwezi.

Paiki mdogo anayeruhusiwa ana miiba yenye umbo la Y iliyojipanga juu ya ubavu. Wengi humtupa kwa sababu yake. Akikatwa chale za karibu karibu hadi kwenye ngozi, akatiwa chumvi na ndimu, kisha akakaangwa kwa mafuta ya moto sana, miiba hiyo inalainika na kutafunika.